"Wameondoka 22, timu imekwisha": na mengine ninayoyasikia kila Januari

Januari ikifika swali ni lile lile, kwa kinyozi, kwenye maegesho ya kanisa, kwenye kundi la WhatsApp la wazazi: "Kocha, umeona? Wameondoka 22! Timu imekwisha." Anasema kuhusu timu ya chuo ya futiboli ya Marekani, ambayo wachezaji wake wanahamia vyuo vingine. Anayeuliza ameshahesabu majina yote. Mwulize kati ya hao 22 ni wangapi aliwahi kuwaona wakicheza, kigugumizi kinaanza.

Ninafundisha safu ya mbele ya ushambuliaji katika sekondari moja hapa Kentucky. Vijana wangu wengi ni watoto wa Wakongo na Warundi, ambao wazazi wao walikutana na futiboli ya Marekani baada ya kufika huku. Mzazi mgeni asiyejua sina ugomvi naye. Nitamweleza hata mara kumi. Wanaonichosha ni mashabiki wenye miaka kumi na jezi tatu kabatini, ambao bado wanaamini timu nzuri ni ile isiyoondokewa na mtu.

Fanyeni hesabu, jamani. Kwa miaka mingi chuo cha daraja la juu kiliruhusiwa skolashipu 85 za futiboli. Tangu makubaliano ya kesi ya House dhidi ya NCAA (chama kinachosimamia michezo ya vyuo), yaliyoidhinishwa na Jaji Claudia Wilken tarehe 6 Juni 2025, vyuo vilivyoyakubali vina kikomo cha wachezaji 105 kikosini. Chuo cha kawaida husajili vijana 20 na kitu kutoka sekondari kila mwaka. Darasa la 25 kwa miaka minne ni watu 100. Ongeza wale wanaobaki mwaka wa tano. Ongeza wanaoletwa kutoka vyuo vingine. Sasa niambie, asipoondoka mtu, hao wapya watakaa wapi? Kuondoka kumo ndani ya hesabu tangu siku kijana anaposaini. Kocha anayesajili 25 na kuchukua 15 kutoka potali, yaani orodha ya wachezaji wanaotaka kuhama chuo, ameshajua kwamba makumi watatoka. Asichokijua ni majina tu, na hata majina mengi anayajua.

Hapa ndipo ninapopandwa na hasira. Msimu ukiisha, kila mchezaji huitwa ofisini kwa kocha kwa kikao cha mwisho. Baadhi huambiwa wazi: wewe ni wa nne katika nafasi yako, mwakani namleta mwingine, fikiria mambo yako. Kijana anatoka pale, anaingiza jina lake kwenye potali ya uhamisho, anaandika ujumbe wa heshima wa kuwashukuru mashabiki. Mashabiki nao wanamtukana kwa usaliti. Mtoto wa miaka 19 aliyefukuzwa kwa lugha laini anaitwa mkimbizi wa pesa na watu ambao wiki moja kabla hawakulijua jina lake.

Halafu kuna jambo la dirisha, yaani kipindi cha kuingiza jina kwenye potali. Zamani kulikuwa na madirisha mawili, la Desemba na la Aprili. Kuanzia 2026 dirisha la kawaida ni moja, tarehe 2 hadi 16 Januari. Kwa hiyo habari zilizokuwa zikija kidogo kidogo kwa miezi mitano sasa zinamwagika kwa wiki mbili, na kila jina linatangazwa kama msiba. Ni watu wale wale.

Tazama chuo cha Colorado. Kocha Deion Sanders alipochukua timu Desemba 2022, ilikuwa imetoka kushinda mechi 1 na kufungwa 11. Aliwaambia wachezaji mbele ya kamera kwamba waingie kwenye potali, na makumi wakaondoka. Sikuipenda njia ile hata kidogo. Hao ni watoto wa watu. Lakini msimu wa 2023 walishinda 4, na wa 2024 wakashinda 9, wakiwa na Travis Hunter aliyechukua tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, yeye mwenyewe akiwa amehamia kutoka Jackson State. Kwa hesabu ya kinyozi, ile ilikuwa timu iliyokufa.

Indiana ndiyo inayofunga mdomo kabisa. Mwaka 2023 walishinda mechi 3, wakafungwa 9. Akaletwa Curt Cignetti kutoka James Madison, akaja na wachezaji 13 aliokuwa nao kule. Ili hao waingie, wengine walitoka. Mwaka 2024 wakashinda 11. Msimu wa 2025 hawakufungwa hata mechi moja kati ya 16, na Januari 2026 wakaifunga Miami 27 kwa 21 na kuwa mabingwa wa taifa. Kwotabeki wao, yaani mrusha pasi mkuu, Fernando Mendoza, mshindi wa Heisman, alitoka chuo cha California. Kwotabeki wa Miami, Carson Beck, alitoka Georgia. Fainali nzima iliongozwa na vijana wawili ambao mwaka mmoja kabla walikuwa kwenye orodha ya waliotoroka ya mtu fulani.

Sisemi kuondoka hakuumi. Kunauma, ila siyo kwa idadi. Kocha Nick Saban alipostaafu Alabama tarehe 10 Januari 2024, beki wao Caleb Downs alikwenda Ohio State, na mwaka uliofuata Ohio State wakawa mabingwa. Downs mmoja ana uzito kuliko wachezaji 15 wa benchi.

Na kuna pengo ambalo mashabiki hawalihesabu kabisa, kwa sababu linakuja limevaa suti. Florida State walimaliza msimu wa kawaida wa 2023 pamoja na fainali ya kanda yao wakiwa wameshinda mechi zote 13. Aprili 2024 wachezaji wao 10 walichaguliwa kwenye drafti ya NFL, ambako timu za ligi ya kulipwa huchagua wachezaji wa vyuo, watu wakashangilia, picha zikasambazwa. Msimu wa 2024 walishinda mechi 2, wakafungwa 10. Hakuna aliyepiga kelele siku ile ya drafti, kwa kuwa mchezaji akienda NFL tunaita fahari ya chuo, akienda chuo cha jirani tunaita maafa. Uwanjani nafasi iliyoachwa wazi ni ile ile.

Kwa hiyo ukiona orodha, uliza mambo mawili: huyu alicheza kiasi gani, na alicheza wapi? Mniwie radhi, mimi ni mtu wa safu ya mbele, na kila kitu nakiona kuanzia pale. Wakiondoka wapokea pasi sita wa benchi, nakunywa chai yangu. Wakiondoka watatu wa safu ya mbele waliokuwa wakianza pamoja, hapo na mimi naanza kuomba dua. Wale watano wa safu hiyo hujifunza kusogea kama mtu mmoja, na mazoea hayo hayanunuliwi kwenye potali kwa wiki mbili. Lakini nani anasoma majina ya watu wa safu ya mbele? Watu wanatafuta jina la kwotabeki.

Mengine nitayapitia haraka.

"Vijana wa siku hizi wanafuata pesa tu." Pesa zipo, sikatai. Tangu tarehe 1 Julai 2021 mchezaji anaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura yake, na tangu Julai 2025 chuo chenyewe kinaweza kumgawia mapato. Kikomo cha mwaka wa kwanza kilikuwa kama dola milioni 20.5 kwa chuo, na hizo ni kwa michezo yote, siyo futiboli peke yake. Ila Joe Burrow aliondoka Ohio State mwaka 2018, wakati hakuna aliyeruhusiwa kupokea hata senti, kwa sababu alitaka kucheza. Akaenda LSU, akachukua Heisman na ubingwa. Na kwa Wakongo wenzangu wanaopenda kunihubiria kuhusu uaminifu: Andrew Mukuba, mtoto wa wazazi kutoka Kongo, aliyezaliwa Zimbabwe na kukulia Austin, alicheza Clemson misimu mitatu, kisha akahamia Texas, yaani nyumbani. Mwaka 2025 Philadelphia Eagles walimchagua wa 64. Kuna anayetaka kumwita msaliti? Makocha nao walikuwa wakihama katikati ya mkataba tangu enzi za baba zetu, na tuliita maendeleo ya kazi.

"Chuo kimemuuza kwa bei gani?" Hili linatoka kwa wanaofuatilia Simba na Yanga, na nalielewa kabisa. Huku hakuna ada ya uhamisho ya aina ile. Kijana akihama, chuo alichotoka kwa kawaida hakipati kitu. Baadhi ya mikataba mipya ya mgawo wa mapato imeanza kuwekewa kipengele cha fidia, na ndiyo maana nawaambia wazazi: karatasi yenye fedha isisainiwe bila mwanasheria. Siyo mjomba anayejua Kiingereza vizuri. Mwanasheria.

"Akiingia potali atapata timu kubwa zaidi." Cam Ward alitoka sekondari akiwa hatakiwi na wakubwa, akaanzia Incarnate Word, akapita Washington State, akamalizia Miami, na mwaka 2025 akachaguliwa wa kwanza katika drafti nzima. Safi sana. Kila mzazi anamtaja Ward. Hawawataji wale wanaoingiza jina Januari na kufika Agosti bila simu hata moja. Chuo unachokiaga hakilazimiki kukupokea tena, na ufadhili wako unaweza kuishia muhula ukiisha. Kabla ya kuingiza jina jua nani anakuhitaji, na anakuhitaji kucheza nafasi gani.

"Ana ofa saba." Ofa nyingi za vyuo ni maneno ya mdomo. Kocha anaweza kuwaambia vijana kumi "una ofa" kwa nafasi mbili. Kijana naye akitangaza amekubali, hajafungwa na lolote. Ndiyo maana mnaona wanabadilika usiku wa kuamkia siku ya kusaini. Hata ile barua ya kitaifa ya kusudio, iliyomfunga kijana kwa chuo na iliyodumu tangu 1964, ilifutwa Oktoba 2024. Sasa kinachomfunga mtu ni mkataba wa ufadhili na ule wa mapato, na wengi husaini mwanzoni mwa Desemba. Vijana wangu nawafundisha swali moja la kumwuliza kocha anayetoa ofa: "Nikisema ndiyo leo, nafasi ni yangu?" Utashangaa simu zinavyokatika.

"Hana nyota, basi hawezi." Mtandao wa 247Sports huwapima vijana wa sekondari kwa nyota, na hutoa nyota tano kwa wachezaji wapatao 32 kila mwaka, kufuata idadi ya wanaochaguliwa raundi ya kwanza ya NFL. Sekondari za nchi hii zina wachezaji zaidi ya milioni moja. Hakuna aliyewatazama wote. Josh Allen alimaliza sekondari Firebaugh, California, bila ofa hata moja ya daraja la juu, akaenda chuo cha miaka miwili cha Reedley, kisha Wyoming, na mwaka 2018 akachaguliwa wa saba. Lakini msinigeuzie maneno: nyota siyo upuuzi. Kwa miaka mingi mabingwa wametoka kwenye vyuo vilivyojaza nyota nne na tano, na Indiana inashangaza kwa sababu haikuwa hivyo. Kwa timu nzima, nyota ni kipimo kizuri. Kwa mtoto mmoja ni ubashiri wa mtu aliyemwona kwenye video.

"Mpira ukiwa mzuri, shule watamsaidia." Mama na baba, hapa nakuwa mkali. NCAA inataka masomo 16 ya msingi ya sekondari kwa vyuo vya daraja la kwanza, na 10 kati ya hayo yawe yamekamilika kabla ya mwaka wa mwisho kuanza, 7 yakiwa ya Kiingereza, hisabati na sayansi. Wastani wa alama usipungue 2.3. Mitihani ya SAT na ACT iliondolewa kwenye masharti ya NCAA mwaka 2023, na wengi walisikia hiyo tu wakadhani masharti yote yamekwisha.

Watoto wetu wanaumia hasa kwenye Kiingereza. Aliyefika huku akiwa darasa la tisa au la kumi huwekwa kwenye madarasa ya Kiingereza kwa wageni, na mengi ya madarasa hayo hayahesabiwi kama somo la msingi. Anapata alama nzuri, mzazi anafurahi, kocha wa chuo anapiga simu, kisha karatasi za masomo zinafunguliwa na Kiingereza kinachohesabika ni cha mwaka mmoja. Yale 10 hayawezi kufidiwa mwaka wa mwisho ukishaanza. Nimeona vijana wenye miili na miguu ya daraja la kwanza wakiishia kuanza chuo cha miaka miwili kwa sababu hiyo tu.

Kwa hiyo mzazi akiniletea simu yenye video za mwanawe akiangusha watu, namwambia airudishe mfukoni kwanza aniletee karatasi ya alama. Orodha ya masomo ambayo NCAA inayatambua kwa kila shule iko wazi mtandaoni, kuiangalia ni bure, na mwalimu mshauri wa shule anaijua. Mwulizeni Agosti ya darasa la tisa. Mkingoja aitwe na chuo ndipo muulize, kitu pekee nitakachoweza kuwasaidia ni namba ya simu ya chuo cha miaka miwili.