Vidonge vya lukemia "vinaua uboho"? Maneno ya watu na ukweli wake

Hii ya kwanza inasambaa kuliko zote: eti ukianza imatinibu (kidonge cha lukemia, yaani saratani ya damu, wengi wanaijua kwa jina la Glivec) halafu damu ikashuka, basi dawa imeshaua uboho wa mifupa, pale damu inapotengenezwa, acha haraka. Hapana jamani. Kwenye CML, ile lukemia inayokwenda taratibu, mwanzoni karibu damu yote inatengenezwa na seli zenye ugonjwa, zile zenye kromosomu ya Philadelphia (hitilafu ya vinasaba inayoleta CML), sasa dawa ikizipiga hizo, seli zenye afya zilizokuwa zimebanwa siku zote hazirudi kazini palepale, na hapo katikati ndo seli nyeupe na chembe sahani (zile zinazogandisha damu) zinashuka. Ndo maana mwezi wa kwanza unapimwa damu kila wiki, wa pili kila wiki mbili. Na daktari habahatishi, mtu mzima mwenye CML ya hatua ya awali nyutrofili (seli nyeupe zinazopigana na vijidudu) zikiwa chini ya 1,000 au chembe sahani chini ya 50,000 kwa mikrolita dawa inasimamishwa, zikifika 1,500 na 75,000 anarudishwa kwenye miligramu 400 zilezile, ikijirudia ndo anashushwa hadi 300. Kusimamishwa na daktari na kuacha mwenyewe ni vitu viwili tofauti kabisa.

Wengine nao wanavuka upande wa pili, wanasema kushuka ni kawaida tu, itapanda. Mara nyingi kweli inapanda, lakini wapo wachache sana ambao uboho unabaki mtupu hata dawa ikishasimamishwa, na wachache zaidi ambao tishu ya uboho yenyewe inakufa, hao wanakuwa na maumivu makali ya mifupa na homa. Hapo usaidizi ni kuongezewa damu na chembe sahani, wakati mwingine sindano za kuamsha seli nyeupe, na kuna ambao huishia kupandikizwa uboho.

Halafu ile ya "damu imeshuka, ugonjwa umerudi". Kipimo cha damu peke yake hakiwezi kukwambia hivyo, uboho mtupu na uboho uliojaa seli changa za saratani vyote vinaweza kushusha damu, na matibabu yake yanapingana, kwa hiyo sindano ya kuchota uboho pale nyongani ukapimwe haikwepeki hata kama inauma. Tena uboho kufa kunaweza kuletwa na lukemia yenyewe, kwa hiyo msikimbilie kuilaumu dawa.

Vidonge vya kuongeza damu? Kama huna upungufu wa madini ya chuma havikusaidii kitu hapa. Na juisi ya balungi achana nayo, inaweza kupandisha kiwango cha imatinibu mwilini.

Ila homa ya nyuzi 38 na nyutrofili ziko chini, usimeze panado ukalala usubiri asubuhi, nenda hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane.