Kabla hujazidisha, uliza kinapimwa nini

Kazi yangu ni kuhakiki mizani na vyombo vya kupimia, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni "nizidishe kwa ngapi?" Kwa urefu na uzito, swali hilo linatosha. Tangu nchi kadhaa zinazotumia Kiingereza zikubaliane mwaka 1959, inchi moja ni milimita 25.4 kamili, na ratili moja ni kilo 0.45359237. Simu yako inazijua namba hizo na haitakosea kuzidisha. Kinachoipotosha ni kile ambacho hukuiambia.

Chukua galoni. Ya Marekani ina lita 3.785, ya Uingereza ina lita 4.546, yaani pengo la asilimia 20 hivi. Ukisoma kwamba gari linakwenda maili 40 kwa galoni, kwa galoni ya Marekani hiyo ni lita 5.9 kwa kila kilomita 100, na kwa ya Uingereza ni lita 7.1. Tena hapa hakuna kuzidisha: unachukua 235 (au 282 kwa ile ya Uingereza) unagawa kwa hizo maili. Wengi hujaribu kuzidisha, wakashangaa gari bovu linatoka likiwa na sifa.

Ila balaa lenyewe liko pale mtu anapovuka kutoka ujazo kwenda uzito. Lita ya maji ina uzito wa takriban kilo moja, na urahisi huo umetudekeza. Lita ya petroli ina kama kilo 0.74, ya asali inafika 1.4. Kwa hiyo haipo namba ya kugeuza lita kuwa kilo mpaka useme ni lita za nini, na uhakikishe kilo hizo ni kilo kweli.

Tarehe 23 Julai 1983, ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767 ilihitaji kilo 22,300 za mafuta. Kwenye matangi zilikuwamo lita 7,682. Hesabu ilifanywa kwa kutumia 1.77, ambayo ni uzito wa lita moja ya mafuta hayo kwa ratili. Kwa kilo ilipaswa kuwa 0.8 hivi. Jibu likatoka 13,597, likaitwa kilo, kumbe ni ratili. Ziliongezwa lita chini ya 5,000 badala ya 20,000 na ushei. Injini zote mbili zilizimika angani, na rubani akaielekeza ndege ikielea bila injini hadi kwenye uwanja wa zamani wa jeshi huko Gimli, Kanada. Hakuna aliyekufa. Angalia kwamba kuzidisha kwenyewe kulikuwa sahihi kabisa.

Mtego huohuo umo kwenye majibu ya maabara. Sukari ya damu huandikwa kwa milimoli kwa lita (milimoli huhesabu molekuli) au miligramu kwa desilita (uzito katika sehemu ya kumi ya lita), na kutoka ya kwanza kwenda ya pili unazidisha kwa 18: 5.5 inakuwa 99. Lakini kolesteroli, kwa vipimo vilevile, huzidishwa kwa karibu 38.7, kwa sababu molekuli yake ni nzito zaidi ya mara mbili ya ile ya sukari.

Joto nalo lina ukorofi wake. Nyuzi 2 za Selsiasi kwenye kipimajoto ni 35.6 za Farenhaiti (zidisha kwa 1.8, jumlisha 32). Lakini joto *likipanda* kwa nyuzi 2 za Selsiasi, limepanda 3.6 tu za Farenhaiti, maana ile 32 ya kujumlisha haihusiki na tofauti. Na kwa eneo, kumbuka tu kuzidisha kwa namba ileile tena: mita ni futi 3.28, mita ya mraba ni futi za mraba 10.76.

Jambo linaloniudhi kuliko yote ni desimali za uongo. Mtu kasema "kama maili tatu hivi", mwenzake anaandika kilomita 4.828. Hiyo mita ya mwisho kaipima nani? Andika kilomita 5.

Kwenye dawa ya maji ya mtoto, hapana, usikadirie. Kijiko cha chai kwenye maelezo ya dawa humaanisha mililita 5, ilhali vijiko vya nyumbani vinatofautiana sana. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano, lenye alama za mililita.