Je, wajua kwa nini mashine ya kupima unga hufunga mlango kabla kilo hazijatimia?

Simama dukani kwa mangi, uwe Sinza au Mbagala, uombe kilo moja ya unga wa ngano wa kupima. Mwanzo anamimina kwa haraka. Namba za mizani zikifika gramu 900 na ushee, mkono unabadilika: kikombe kinalazwa, kidole kinakigonga taratibu, unga unadondoka kidogo kidogo. Halafu anakiinua kikombe huku namba bado hazijafika elfu moja. Anasubiri. Zinafika zenyewe.

Mashine ya kiwanda cha mikate hufanya hivyohivyo. Unga hukaa kwenye kihenge, chini yake kuna bomba lenye skrubu ndefu inayozunguka na kuusukuma mpaka kwenye hopa ya kupimia, yaani chombo kama faneli kubwa. Hopa hiyo imekalia vihisi uzito vitatu au vinne, ambavyo mafundi huviita lodiseli. Ni vipande vya chuma vinavyopinda kidogo mno mzigo ukiongezeka, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, lakini nyaya nyembamba zilizogandishwa juu yake hunyooka pamoja na chuma na kubadilisha ukinzani wa umeme. Badiliko hilo ndilo linalosomwa kuwa kilo.

Sasa tuseme mkupuo mmoja unahitaji kilo 100, na skrubu inaleta kilo 10 kwa sekunde. Ukitoa amri ya kufunga namba inapogonga 100, mlango utachukua muda kujifunga, na unga uliokwisha kutoka utakuwa bado unaanguka. Ikipita nusu sekunde tu, umezidisha kilo 5. Tena namba unayoiona wakati unga unamiminika si uzito mtupu, maana ina kishindo cha unga unaotua ndani yake. Kwa hiyo mashine humimina kwa kasi mpaka karibu kilo 90, ikapunguza mwendo ukawa wa kudondosha, kisha ikafunga mapema. Baada ya hapo hutulia, husoma uzito wa kweli, na ikiona imezidisha gramu 200, mkupuo unaofuata hufunga mapema zaidi kwa kiasi hicho. Inajifunza kama mkono wa mangi ulivyojifunza.

Kwa nini wasipime kwa ujazo, kama sado sokoni? Yeyote aliyewahi kununua kwa sado analijua jibu. Muuzaji akiitikisa, unga unashuka. Akiipiga chini, unashuka tena. Unga ndivyo ulivyo. Uliochekechwa sasa hivi umejaa hewa, uliolala kwenye kihenge siku mbili umeshindiliwa na uzito wake wenyewe. Chombo ni kilekile, ila kilo ni tofauti, na mwokaji akikosea kilo za unga maji yote yamemharibikia.

Tabu halisi iko juu zaidi, ndani ya kihenge. Maji yakijaa tangi, uzito wote hukandamiza chini. Unga na nafaka haviko hivyo: mhandisi Mjerumani H. A. Janssen alionesha mwaka 1895 kwamba kuta hubeba sehemu kubwa ya mzigo kwa msuguano, hata ukizidi kujaza, mkandamizo wa chini hufika mahali ukakoma kuongezeka. Kwa hiyo unga ukijishika juu ya tundu la kutokea, hujijengea upinde kama wa mlango wa kale na kusimama. Dar es Salaam wakati wa masika, hewa ikiwa na unyevu wa bahari, jambo hili husumbua zaidi. Skrubu inazunguka bure, mizani haisogei, kisha upinde unaporomoka ghafla na unga unakuja kama mafuriko. Pale mashine iliyozoea mwendo wa jana hukosea vibaya. Ukiona koni ya kihenge, ile sehemu ya chini iliyochongoka, ina mabonyeo ya nyundo, jua hapo unga hukwama. Inasikitisha, kwa sababu kila bonyeo hutengeneza pahala papya pa unga kujishika. Dawa ni koni yenye mteremko mkali na laini, kitetemeshi, au pedi zinazopuliza hewa kidogo kidogo.

Hewa hiyohiyo ndiyo hubeba unga kwenye mabomba marefu, kwa kasi ya mita 20 hivi kwa sekunde. Malori ya matangi yanayobeba saruji hushusha mzigo kwa njia ya namna hiyo: kompresa inanguruma, mpira mnene unatetemeka, na saruji inapanda juu ya kihenge bila mtu kugusa koleo. Lakini hewa ikifika kwenye hopa ya kupimia lazima ipate njia ya kutoka kupitia chujio, la sivyo itaisukuma hopa na mizani itasoma upepo.

Vitu vidogo hupimwa kando. Kanuni za Tanzania za mwaka 2011 za kuongeza virutubisho kwenye chakula zilitaka unga wa ngano uongezwe madini chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12, na mchanganyiko wake ni gramu mia kadhaa tu kwa tani. Mizani ya tani haizioni gramu hizo.

Nilikuwa fundi umeme kwenye kiwanda kimoja cha mikate wakati tatizo gumu kuliko yote lilipotuangukia. Kwa siku tatu kinyunya kilitoka kigumu, waokaji wakaongeza maji kwa kukisia, nasi tukabadilisha lodiseli mbili bure. Mwisho mzee mmoja wa zamu ya usiku akapanda ngazi na tochi, akashika kiungio kati ya bomba na hopa. Pale panatakiwa kuwa na soksi ya kitambaa, laini, ili hopa ining'inie huru. Ilikuwa imechanika, na mtu kwa nia njema akachomelea bati kuziba vumbi. Bomba likawa linasaidia kubeba hopa, mizani ikawa inaona pungufu, mashine ikaendelea kumimina. Tulikata bati kwa msumeno, tukafunga kipande cha turubai kwa bendi mbili, na kabla ya alfajiri kinyunya kilikuwa kinavutika tena.