Roketi ya maji: maji si fueli

Jina lenyewe linapotosha. Ukisikia "roketi ya maji" utadhani maji ndiyo yanayoirusha, kama petroli inavyoendesha gari. Sivyo. Roketi yenyewe ni chupa ya plastiki, na nguvu yote imo kwenye hewa iliyobanwa ndani yake. Maji ni mzigo wa kutupwa nyuma, basi.

Nilihangaika kuwaeleza vijana jambo hili ufukweni Malindi, maji yamekupwa, hadi mvuvi mmoja mtu mzima aliyekuwa akishona wavu akatukata kauli: "Wanangu, huyo si ngisi tu?" Kweli kabisa. Ngisi akishtuka hubana mwili, maji aliyoyabeba yakachomoka kwenye kitundu, naye akaenda kinyumenyume. Anayasukuma maji, nayo yanamsukuma. Isaac Newton aliichapisha kanuni hiyo mwaka 1687: kila msukumo hujibiwa na mwingine wa nguvu ileile, upande wa pili.

Chupa inayofaa ni ya soda ya lita 2, maana imeundwa kuhimili gesi. Ya maji ya kunywa ni laini, iache. Unatoboa kizibo cha raba, unapitisha vali ya tyubu ya baiskeli, unamimina maji, unakaza, kisha unaisimamisha chupa mdomo chini kwenye stendi ya mbao na kupiga pampu. Hewa inajibana juu ya maji. Kizibo kikishindwa, maji yanafyatuka chini na chupa inapaa, kufumba na kufumbua.

Kwa nini basi tusitumie hewa peke yake? Simama ndani ya kidau kisichotiwa nanga, urushe kofia yako ufukweni: kidau hakina habari. Rusha gunia la nazi, utakiona kikirudi nyuma. Maji ni mazito kuliko hewa ya kawaida karibu mara 800, kwa hiyo ndiyo gunia letu. Lakini ukizidisha maji, hewa inakosa nafasi, na yenyewe ndiyo yenye nguvu. Chupa yetu isiyo na maji ililia "paa!" ikaruka kidogo tu. Iliyojaa karibu pomoni ilitapika, ikainuka kimo cha mtu, ikaanguka kifudifudi. Ya theluthi moja, yaani mililita 600 na ushei, ilivuka vilele vya minazi.

Ukiiokota upesi, ichungulie: ndani mna ukungu mweupe. Hewa iliyobanwa ikiachiwa ghafla hupoa, na unyevu wake ukageuka matone madogo mno. (Ile ambayo haijaruka usiichungulie wala kuiinamia. Sisi hatuvuki bari 3, kipimo cha mbano wa hewa, kwenye geji ya pampu, na chupa yenye mikwaruzo tunaitupa.)

Roketi za Scout za Kimarekani zilizorushwa kutoka San Marco, jukwaa la baharini hapo Ngomeni kaskazini ya Malindi, zilifuata kanuni hiyohiyo. Mojawapo ilipeleka angani setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ukumbusho wa uhuru wa Kenya, na ndiko lilikotoka jina. Tofauti ni kwamba zile zilichoma fueli yabisi na kutupa nyuma gesi yake: fueli ndiyo nguvu, na ndiyo mzigo. Kwenye chupa kazi hizo mbili zimegawanywa, hewa ikapewa moja na maji nyingine.

Bila mapezi, chupa hupinduka hewani kama karatasi. Matatu ya plastiki ngumu yanatosha, na donge la udongo puani ili uzito ukae mbele. Ila mapezi yana tabia yake: huielekeza pua kule upepo unakotoka. Siku hiyo ulivuma kusi, ukitoka baharini. Roketi ikaanza kwa kuinamia baharini, tukaiaga. Ilipokwisha maji, nyepesi kama kopo tupu, upepo ukairudisha juu ya vichwa vyetu hadi kwenye paa la makuti la jirani, na ngazi hatukuwa nayo.