Kinesiolojia kama fani ya pili chuo kikuu: ina maana gani?

Kinesiolojia ni sayansi ya mwili wa binadamu unapojongea. Inachunguza jinsi misuli, mifupa, moyo, mapafu na ubongo vinavyoshirikiana ili mtu atembee, arushe mpira, au ainuke tu kitini. Wengi wakisikia jina hili hudhani ni masomo ya wanamichezo. Wanamichezo wamo, lakini wamo pia bibi anayejifunza kutembea upya baada ya kiharusi na kuli anayebeba magunia bandarini.

Kuisoma kama fani ya pili ni jambo la mfumo wa vyuo vya Marekani na Kanada. Huko mwanafunzi huchagua fani kuu, wanayoiita meja, na akipenda huongeza fani ndogo, yaani maina. Kwetu Afrika Mashariki mwanafunzi hupokelewa katika programu ambayo kozi zake nyingi zimeshapangwa, ndiyo maana wazo hili huwachanganya wazazi mtoto anapowapigia simu kutoka ng'ambo. Kwa hesabu ya Marekani, shahada ya kwanza huwa na krediti (vipimo vya uzito wa kozi) 120 hivi kwa miaka 4. Maina huchukua kati ya 15 na 21 kati ya hizo, sawa na kozi 5 hadi 7. Katika vyuo vingi haionekani kwenye cheti cha shahada. Huandikwa kwenye karatasi ya matokeo.

Fani yenyewe si ya zamani sana kwa sura hii. Hadi miaka ya 1960 idara nyingi zilikuwa za elimu ya viungo, kazi yake kubwa ikiwa kuandaa walimu wa michezo wa shule. Mwaka 1964 Franklin Henry, profesa wa Berkeley, California, alitetea kwa maandishi kwamba mwendo wa binadamu unastahili kuwa taaluma kamili yenye utafiti wake. Mwaka 1967 Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, kikaanzisha idara ya kinesiolojia, ya kwanza kuwa na jina hilo.

Mwanafunzi wa maina huanza na anatomia (maumbile ya mwili) na fiziolojia (jinsi mwili unavyofanya kazi), kisha huingia kwenye kozi zenye kinesiolojia hasa: fiziolojia ya mazoezi, biomekanika (kanuni za nguvu na wenzo katika mwili), namna ubongo unavyojifunza na kuongoza miondoko, na saikolojia ya michezo. Binafsi naona utamu wote umo katika fiziolojia ya mazoezi na biomekanika, na anayezikwepa ili kutafuta alama rahisi anajipunja.

Chukua biomekanika. Shika mfuko wa unga wa kilo 5 mkononi, kiwiko kikiwa kimekunjwa pembe mraba. Msuli wa mbele ya mkono wa juu umejishikiza kwenye mfupa sentimita 4 hivi tu kutoka kiwiko, ilhali mfuko uko kiganjani, sentimita 35 hivi kutoka hapo hapo. Kwa kanuni ya wenzo, msuli unalazimika kuvuta karibu mara tisa ya uzito ule, yaani kama kilo 44, na hapo hatujahesabu uzito wa mkono wenyewe. Misuli ya mgongo iko katika hali hiyo hiyo mtu anapoinama kuokota mzigo ulio mbali na miguu yake. Ushauri wa kusogeza mzigo karibu na mwili kabla ya kuunyanyua umetoka kwenye hesabu hii.

Hesabu hiyo hiyo inatufikisha kwa wakimbiaji wetu. Katika maabara ya fiziolojia ya mazoezi, mtu huvalishwa barakoa na kukimbia juu ya mashine inayoongezwa kasi hadi ashindwe, huku ikipimwa oksijeni anayotumia kwa kila kilo ya mwili wake kwa dakika. Kijana asiye na mazoezi huishia mililita 40 hivi. Bingwa wa mbio ndefu hupita 70. Katika miaka ya 1990 mwanafiziolojia Bengt Saltin wa Skandinavia na wenzake waliwapima wakimbiaji wa Kenya wakiwalinganisha na wa kwao. Kilele cha oksijeni hakikutofautiana sana. Tofauti ilikuwa kwamba Wakenya walitumia oksijeni kidogo zaidi kwa mwendo ule ule. Sababu mojawapo iliyotolewa ni wembamba wa miguu yao chini ya goti: uzito ulio mbali na nyonga hugharimu nguvu nyingi kuurusha mbele kila hatua, kama ule mfuko ulivyo mzito kwa kuwa mbali na kiwiko. Kwangu, kuona umahiri wa Iten, mji wa wakimbiaji wa Kenya, ukielezwa kwa sentimita na mililita ni fahari, na hakupunguzi chochote katika jasho lao.

Tahadhari moja. Kuna kitu kiitwacho kinesiolojia tumizi, kilichoanzishwa mwaka 1964 na tabibu wa Marekani George Goodheart, kinachodai kutambua maradhi kwa kusukuma mkono wa mgonjwa na kuona kama msuli umelegea. Majaribio ya kisayansi hayakukiunga mkono, na sicho kinachofundishwa katika maina hii.

Maina pia haimpi mtu leseni. Kuwa mtaalamu wa fiziotherapia Marekani kunahitaji shahada ya udaktari wa fani hiyo, kwa kawaida miaka 3 baada ya shahada ya kwanza. Ontario, ambako wanakinesiolojia wanasimamiwa kisheria tangu 2013, mtu hutakiwa kuwa na shahada nzima ya fani hiyo au inayolingana nayo, kisha afanye mtihani.

Thamani yake inategemea imeoanishwa na nini. Anayesoma saikolojia atamwelewa vizuri zaidi mgonjwa anayeogopa kusimama. Mwanafunzi wa lishe atajua chakula kinatumikaje mwilini wakati wa mazoezi. Ndoa ninayoipenda kuliko zote ni ya uhandisi wa mitambo, kwa kuwa anayetengeneza mguu bandia anapaswa kujua goti la kweli hufanya nini mtu anaposhuka ngazi.

Anayeitaka aonane na mshauri wa masomo mwaka wa kwanza. Kozi za anatomia zenye maabara huwa na nafasi chache na hujaa mapema, na bila hizo kozi za juu hazifunguki. Aulize pia ni krediti ngapi chuo kinaruhusu zihesabiwe kwenye fani zote mbili, maana wa biolojia anaweza kukuta nusu ya maina ameshaisoma, au akakuta hairuhusiwi kuhesabiwa kabisa.