Vipimo vya mwili na mwendo wa kundi mlimani: yanayosemwa Moshi na yaliyo kweli

Jioni kambini, kabla supu haijapoa, muongozaji hupitisha kibanio cha kupima oksijeni kidole kwa kidole. Anaandika namba mbili kwa kila mgeni, asilimia ya oksijeni kwenye damu na mapigo ya moyo, kisha anaamua kesho kundi litembeeje. Ndiyo kazi ileile inayowahangaisha watafiti: kuusoma mwili, halafu kuipunguzia au kuiongezea kazi ugumu. Huko NASA, shirika la anga za juu la Marekani, walilijaribu jambo hili mwaka 1995 kwa mawimbi ya ubongo ya mtu mmoja aliye mbele ya kompyuta. Umakini wake ukishuka, mashine inamrudishia kazi aifanye kwa mkono. Yule alikuwa peke yake. Mkiwa sita njiani kuelekea Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, mambo hubadilika, na hapo ndipo dhana potofu zinapoingia.

"Chukua wastani wa kundi, upange mwendo kwa huo."

Hii ndiyo mbaya kuliko zote. Tuseme mko Kibo, kambi ya mwisho kabla ya kilele, wageni watano wanasoma oksijeni 86 na mmoja 68. Wastani ni 83, namba ya kawaida kabisa kwa mwinuko ule, na mtu mmoja amefichwa ndani yake.

Mwaka 1972 mwanasaikolojia Ivan Steiner alizigawa kazi za vikundi kwa namna nguvu za watu zinavyoungana. Kwenye kuvuta kamba nguvu hujumlishwa, kwa hiyo wastani una maana. Kwenye kitendawili, mmoja akitegua wote wamefaulu, basi mtazame aliye bora. Kupanda mlima pamoja ni aina nyingine: anayekwenda polepole kuliko wote ndiye mwenye mwendo. Anayetengeneza programu ya kurekebisha ugumu wa kazi ya kundi angejiuliza hilo kwanza, kabla ya kununua saa za kupima mapigo.

Lakini kumfuata aliye nyuma si jibu la kila saa. Usiku wa kwenda kileleni, watano wakisimama kumsubiri mmoja kwenye upepo, nao wanaganda. Muongozaji mzuri hampi kila mtu mwendo mmoja. Humwachia msaidizi yule aliyechoka, humpunguzia begi, na wakati mwingine hulikata kundi vipande viwili.

"Namba ya chini ni ugonjwa, namba ya juu ni usalama."

Kwenye mita 4,700 watu wazima wenye afya husoma 80 hivi, wengine chini yake, na wanakula ugali vizuri. Mwingine ana 85 na anatapika. Kibanio hupitisha mwanga mwekundu na wa infraredi kidoleni. Kidole kikiwa na baridi au kucha ina rangi nzito, kibanio kinadanganya. Rangi ya ngozi nayo imo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kuwa kwa wagonjwa weusi vifaa hivi vilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu ya ilivyokuwa kwa wazungu. Kwa nchi ambayo wapagazi na waongozaji wake ni weusi, hilo si jambo la pembeni.

Ndiyo maana maswali ya Lake Louise, orodha ya dalili za ugonjwa wa mwinuko, bado yana kazi: kichwa kinauma? tumbo je? uchovu? kizunguzungu? Kila moja hupewa 0 hadi 3. Kichwa kikiwemo na jumla ikafika 3, huo ni ugonjwa wa mwinuko, kifaa kiseme kisemavyo. Na anayeyumba kama mlevi, au anayehema akiwa amekaa, hasubiri namba. Anashushwa.

"Mapigo ya kasi maana yake anachoka."

Pengine. Au ana homa, hofu, kiu, au amekunywa kahawa. Aliye kwenye baadhi ya dawa za presha mapigo yake hayapandi hata akiwa hoi. Ile hesabu ya 220 toa umri nayo ni makisio tu. Mtu mmoja anaweza kuwa mapigo kumi au zaidi juu au chini yake, na huko juu moyo haufiki hata kiwango chake cha kawaida.

"Wa mazoezi na wapagazi hawahitaji kupimwa."

Mazoezi hayakingi ugonjwa wa mwinuko. Mara nyingi humfanya mtu akimbilie juu. Mpagazi naye hurudi kulala Moshi, chini ya mita 1,000, baina ya safari. Getini tunapima mzigo wake kwa mizani. Yeye mwenyewe nani anampima?

"Tukipima asubuhi na jioni, siku tano za Marangu zinatosha."

Kwenye njia ya Marangu, kambi ya Mandara iko mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Madaktari wa milimani wanashauri kwamba ukishapita mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana. Kwa hiyo ugumu mkubwa kuliko wote huwekwa mjini, mezani, mgeni anapokataa siku ya sita kwa sababu ya bei. Kibanio kinakuja kugundua kilichouzwa. Siku moja zaidi Horombo, mkapande hadi miamba ya Zebra Rocks na kurudi kulala palepale, inafanya kazi ambayo hakuna kifaa kitakachoifanya.

"Namba zisomwe kwa sauti, ndio uwazi."

Zikisomwa mezani zinageuka mashindano. Nani atakubali kuwa wa mwisho? Watu huhema kwa nguvu dakika nzima kabla ya kupimwa, na namba hupanda kweli, halafu mwendo wa kesho unapangwa kwa pumzi za kuigiza. Isitoshe, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Mpime mtu pembeni, akiwa amekaa dakika chache na mikono imepata joto, subiri namba itulie, muulize kichwa, kisha mwambie yeye tu.