Mgongano wa nyuzi katika uchakataji wa picha kwa mkupuo

Mgongano wa nyuzi ni kosa linalotokea pale nyuzi mbili au zaidi za programu moja zinapotumia sehemu ileile ya kumbukumbu kwa wakati mmoja, angalau mojawapo ikiandika, bila utaratibu wa kuamua ipi itangulie. Uzi ni mfuatano wa maelekezo unaotekelezwa sambamba na mingine, na nyuzi zote za programu hutumia kumbukumbu moja.

Tuchukue ofisi ya utalii mjini Moshi inayopunguza ukubwa wa picha za wageni walioshuka Kilimanjaro, kwa programu yenye nyuzi nane. Picha ya pikseli 6,000 kwa 4,000, ikishafunguliwa, huchukua baiti milioni 72, kwa kuwa kila pikseli huhitaji baiti 3. Ili kubana matumizi, mwandishi wa programu ametenga eneo moja tu la kufungulia picha. Uzi wa kwanza ungali unasoma picha ya kundi lililopita njia ya Marangu, uzi wa pili unakuta picha yake ya njia ya Machame ni kubwa zaidi, hivyo unaliachia eneo lile na kutenga jingine. Wa kwanza unaendelea kusoma mahali ambapo si pake tena, na mara nyingi mfumo endeshi huizima programu papo hapo. Picha zikilingana ukubwa, programu huenda isizimike, bali ikatoa kitu ambacho mimi nakiona kibaya zaidi: picha yenye barafu ya kileleni juu na msitu wa Machame chini, bila ujumbe wowote wa kosa.

Kosa hili ni gumu kulinasa. Faili lililokuwa likichakatwa programu ilipozima, ukilifungua peke yake, utalikuta halina kasoro. Ukiongeza kwenye programu mstari wa kuonyesha ujumbe ili ulifuatilie, mwendo wa nyuzi hubadilika na kosa hujificha. Kwa hiyo chakata kwanza picha zilezile kwa uzi mmoja; kazi ikiisha salama, elekeza shaka kwenye vitu vinavyotumiwa kwa pamoja. Kwa lugha za programu za C na C++, zana iitwayo ThreadSanitizer, iliyomo katika GCC na Clang, yaani kompaila zinazogeuza maandishi ya programu kuwa maelekezo ya kompyuta, huonyesha mistari miwili ya programu inayogongana.

Wengi hukimbilia kufuli, yaani utaratibu unaoruhusu uzi mmoja tu kupita kwa wakati mmoja, lakini likifungwa tangu kufungua picha hadi kuihifadhi, nyuzi saba zitakaa zikingoja mmoja, na faida yote ya nyuzi itapotea. Ni bora kila uzi uwe na eneo lake. Kufuli libaki kwa mambo madogo, kama kihesabu cha picha zilizokamilika: kuongeza 1 ni kusoma, kujumlisha na kuandika, na nyuzi mbili zikisoma 41 kwa pamoja, zote zitaandika 42. Majina ya faili nayo yatenganishwe, maana kamera mbili zinaweza kutoa IMG_0412 kila moja.

Maeneo nane ya ukubwa huo ni baiti milioni 576, kabla ya kuhesabu picha zilizopunguzwa. Kompyuta ikiishiwa kumbukumbu, programu inaweza kuzima vilevile, ila hilo ni kosa jingine, na dawa yake ni kupunguza idadi ya nyuzi.